Mratibu wa Seneta, Tawi la Ghuba

Ijumaa, 28 Julai 2017

Nimefanya! Mkataba mpya nimemrudishia Philipo, msimamizi wetu wa walinzi, bila sahihi. Akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia mtu anayeitwa na taifa hawezi kukaa lango la hoteli akikagua buti za magari. Philipo ni Mganda mpole. Alisema tu ataishikilia nafasi yangu hadi tarehe tisa Agosti. Haitahitajika! Seneta wetu akichaguliwa tena, mimi ni afisa wake wa mawasiliano. Msaidizi wake kaniandikia: "Utakumbukwa." Neno zito hilo.

Baada ya ibada ya Ijumaa kanisani Mesaimeer, hapa Doha, nikajitangaza Mratibu wa Kampeni, Ghuba. Wayne, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Al Mansoura, alicheka hadi akakohoa. Tunatoka kaunti moja, ila yeye yuko na mpinzani. Eti Seneta amefanya nini miaka minne? Swali la kitoto.

Jumapili, 30 Julai

Video! Nimekusanya wanaume ishirini na watatu kambini kwa vibarua, Industrial Area, walipotoka kazini. Niliwaahidi chapati. Wakalishangilia jina la Seneta hadi mabati yakatetemeka. Kumi na mmoja ni Wanepali, sita Waganda. Kwenye video haionekani.

Jumanne, 1 Agosti

Inaonekana. Wayne ameisambaza kila mahali: "Seneta akimbilia kura za Nepal." Mama akapiga simu, sokoni wanacheka. Nikamwuliza kama nimemwangusha mheshimiwa.

"Kwani nani anamwangalia seneta, Arnold? Huku kura ni suti kamili. Unachagua rais, kisha unashuka na chama chake mpaka chini."

Nikashusha pumzi. Halafu nikauliza safari hii rais wao ni nani. Mama akasema mkubwa wa chama cha Seneta hajakanyaga kwetu tangu mwaka jana. Watu wamenuna, wamehamia upande ule mwingine.



Ijumaa, 4 Agosti

Uamuzi wa kiume. Pale Mesaimeer, mbele ya watu, nimejiuzulu na kuhamia kwa mpinzani. Nimesema nimesikia sauti ya wananchi. Nikamkumbatia Wayne. Alisimama kama nguzo ya stima.

Msaidizi wa Seneta nimemwandikia aya tatu: uzembe, kiburi, kisima alichotuchimbia kisicho na maji. Nilizisoma mara mbili. Tamu! Nikatuma.

Jumamosi, 5 Agosti

Mkubwa wa chama ametua kwa helikopta! Uwanja wa shule ya msingi, nyumbani kwetu! Kaomba msamaha, kacheza ngoma yetu ya isukuti, kainua mkono wa Seneta. Kaunti nzima imerudi kwake. Mama alikuwepo, sauti imemkauka kwa kushangilia. Nikamkumbusha kisima. Akasema kisima ni kisima, uchaguzi ni uchaguzi.

Nimetafuta njia ya kuurudisha ule ujumbe. Hakuna. Umeshasomwa.

Alhamisi, 10 Agosti

Seneta amepita. Kwa kishindo! Hakujibu swali hata moja kampeni nzima. Upepo umembeba kama mfuko wa nailoni. Msaidizi wake hatimaye amenijibu: "Umekumbukwa."

Nikaenda kwa Philipo. Lango la mbele limeshapata mtu. Amenipa mlango wa nyuma, panaposhushwa mboga. Jua la Agosti, kivuli hakuna. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wayne naye, ambaye mgombea wake kaanguka vibaya, alipiga simu kunipa pole. Mimi! Eti kama nahitaji maji baridi atapitia.

Sikuyakataa.

Ijumaa, 11 Agosti

Habari njema. Chama chetu cha Wakenya hapa Doha kinachagua mwenyekiti mwezi ujao. Aliyepo anatetea kiti. Wauguzi wako naye, madereva wako naye, hata kwaya. Hakuna namna ya kuanguka! Nimeshajitangaza mratibu wake. Ameniambia tutaonana.

Nimepita kwa Philipo jioni nikamshauri, kwa heshima, aanze kutafuta mtu wa mlango wa nyuma.