Namba za Msitu

Jumatatu, 3 Juni
Mkataba unaisha mwisho wa mwezi. Nafasi ni moja, tuko wawili: mimi na Mama Rula, anayepima hata kipande chake cha mkate. Mkuu ametugawia picha za setilaiti, kila mtu wilaya yake. Setilaiti hutazama ardhi kwa upande. Jua likiwa nyuma yake, ardhi hung'aa. Likiwa mbele, vivuli hujitokeza na ardhi ileile huwa nyeusi. Sisi tunaondoa tofauti hiyo. Msitu una namba zake za kusahihisha, mahindi zake, udongo mtupu zake. Kazi ya wiki nzima! Nimetumia namba za msitu kila mahali. Dakika tano. Kisha chai, nikimtazama Mama Rula akihangaika.

Jumatano, 5 Juni
Nimekabidhi wa kwanza. Mkuu kanisifu mbele ya wote. Mama Rula akauliza kama nilitenganisha misitu na mashamba. Nikamwambia aache wivu. Ramani iliyotokana na picha hizo, ya mashamba yaliyostawi na yaliyokauka, imekwenda kwa wanaogawa mbegu za msaada kwa waliokumbwa na ukame. Nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Jumatatu, 10 Juni
Mke wangu analia, simu mkononi. Baba yake kanyimwa mbegu. Eti ramani inaonyesha shamba lake limestawi! Mahindi yake yalikauka yote, umebaki udongo. Namba zangu za msitu zimeupaka kijani. Mke wangu akauliza ni mpumbavu gani aliyechora ramani hiyo. Nikasema kazi hizi hupitia mikono mingi.

Jumatano, 12 Juni
Baba mkwe yuko sebuleni. Begi moja na jembe. Kupanda kunaanza wiki ijayo, na hana hata punje. Ananiita mwanangu, anasema ana bahati kuwa na mkwe wa setilaiti, nimtafutie aliyekosea. Nimeahidi kumtafuta. Nikikiri leo, ramani yote itarekebishwa na atapata mbegu. Lakini mkataba! Nimeona aibu kumtazama usoni. Nimetazama jembe.

Ijumaa, 14 Juni
Mpango! Nimelipatia shamba la baba mkwe namba za udongo mtupu. Hilo tu. Nikaituma ramani upya, kimyakimya. Sitakiri, naye atapanda. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumatatu, 17 Juni
Balaa. Katikati ya wilaya ya kijani kibichi, pande nne zilizonyooka, shamba moja limekauka. Mama Rula kaliona kabla hajavaa miwani. Mkuu akauliza la nani. Nikasema simjui mwenyewe. Akatafuta jina kwenye orodha ya mashamba, kisha akafungua fomu yangu ya ajira, penye ndugu wa karibu. Akaondoka nayo mkononi. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 20 Juni
Nafasi kapewa Mama Rula. Karudia wilaya yangu yote, kila ardhi kwa namba zake. Majirani wote wa baba mkwe wamepata mbegu. Yeye faili lake limezuiwa: shamba lilichezewa, uchunguzi unaendelea. Hakunigombeza. Kasema anarudi kijijini kuwalimia majirani kwa kibarua, akachukua jembe lake. Mke wangu kamsindikiza, na hajarudi.
Nyumba kimya. Nimeumia, na nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: shamba moja! Ningekausha na mawili ya jirani, nani angeshtuka?