Mzee Aminieli Atafsiri Kinanda

Katika usharika mzima wa Ngweni, huku juu kwenye mashamba ya tangawizi, hakuna mtu aliyejua Kiingereza kumshinda Mzee Aminieli. Kama huamini, muulize mwenyewe! Hata usipomuuliza atakwambia.

Alikipata wapi? Zamani aliwahi kulinda stoo ya mradi wa maji wa Wazungu. Miezi saba! Kweli, yeye alikuwa nje na Wazungu ndani, lakini dirisha lilikuwa wazi. "Kiingereza kilikuwa kinanifuata chenyewe," husema, akijipapasa tumbo kama vile bado kimo humo.

Sifa yake ya pili ilikuwa masikio. Kwa miaka ishirini alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya uimbaji, na alijigamba kwamba anausikia mdundo wa dunia ukiwa bado Same mjini, haujaanza hata kupanda mlima! Ukipiga makofi mara mbili, anakutazama. Mara tatu, anakohoa. Ukitikisa bega, umeitwa kikaoni. Kwaya yake ya wazee ilisimama wima mwanzo hadi amina, na siku moja nyuki alimwuma mwimba besi shingoni, jamaa akamaliza beti zote nne bila kupepesa. Hilo Mzee alilisimulia mwaka mzima.

Basi Julai ikaja na balaa lake. Wilbard, kijana wa hukuhuku anayefanya kazi Dar, akaleta zawadi kanisani: kinanda cha umeme! Kilipanda mlima juu ya magunia matupu ya tangawizi, kikafika kinanukia chai. Vijana wakakipokea kwa vigelegele. Mzee Aminieli akakipokea kwa kikao.

Na sisi Wapare kwa vikao mnatujua. Kesi ya kuku tunaiuzia ng'ombe, na hukumu tunaitaka kwa maandishi.

"Shikamoo, Mzee," alisema Yudith, mwalimu wa chekechea na mkuu wa kwaya ya vijana.

"Marahaba. Hicho kidude kina ngoma ndani?"

"Kina midundo, Mzee. Hii hapa, vitufe kumi."

"Kumi! Amri za Mungu kumi, na za kwenu kumi? Mnashindana na nani?"

Yudith akakitazama kinanda. Miaka miwili alikuwa akijifunza kupiga kinanda kwenye boksi, vidole vyake vikibonyeza vitufe alivyochora mwenyewe kwa kalamu ya wino, sauti akiitoa kwa mdomo. Sasa kinanda chenyewe kiko mbele yake, na kuna watu wanataka kishushwe Same kwa Hamidu, fundi redio, akapigie harusi! Roho ilimuuma, ila alijikaza.

"Mzee, Jumapili ya mavuno Mkuu wa Jimbo anakuja. Tumwimbie, aamue yeye. Akisema hapana, mimi mwenyewe nitakibeba mpaka kwa Hamidu."

Kamati ikanung'unika kwamba binti kasema haki. Mzee Aminieli akaona meli inageuka, akadandia usukani.

"Sawa! Lakini kwanza kichujwe. Midundo imeandikwa kwa Kiingereza. Na Kiingereza humu ndani ni cha nani?"

Watu wote wakatazama viatu vyao.

"Nimeuliza tu," akasema Mzee, akatabasamu.

Akatoa kamusi yake. Haikuwa na jalada, na herufi W yote ilikuwa imeliwa na panya. Akavaa miwani, akakiinamia kinanda kama daktari wa wilaya. Pembeni Clemence, katibu, akafungua daftari. Huyu Clemence alikuwa Mpare wa kuandika! Mtu akipiga chafya kikaoni, imo kwenye muhtasari, na saa yake.

"MARCH," akasoma Mzee. "Machi. Mwezi wa tatu."

"Hapana, Mzee, huo ni wa kutembea taratibu, kama tarumbeta zinapo..."

"Yudith! Wewe una Kiingereza cha darasani. Mimi nimekaa na wenyewe! Clemence, andika: huu upigwe mwezi wa tatu tu. Kila jambo na majira yake."

Clemence akaandika.

"WALTZ." Akapekua. Panya. Akapekua tena. Panya tu. "Neno ambalo hata panya hakuliacha, sisi ni nani tuliache? Futa! BALLAD... baloti. Kura! Siasa madhabahuni? Futa! SWING, bembea. Mtu mzima na ubatizo wake abembee? Futa! DISCO, hili halihitaji kamusi. RUMBA, hii naijua."

Kamati ikainua macho.

"Naisikia," akajirekebisha Mzee, na jasho likamtoka kidogo. "Naisikia kwa majirani. Futa! HIP HOP." Hapo akapekua huku, akapekua kule, mara akaruka kutoka kitini. "Jamani! HIP ni nyonga. HOP ni ruka. Nyonga ruka! Wameandika wenyewe, bila aibu!"

Mama mmoja akaziba macho ya mtoto aliyekuwa mgongoni, tena amelala.

Vilibaki vitufe vitatu. Mzee akasoma cha kwanza, na uso wake ukalainika taratibu.

"ROCK. Mwamba."

"Mzee, hiyo rock siyo mwamba huo," alisema Yudith.

"HOUSE. Nyumba! Mnaona? Nyumba juu ya mwamba! Na hapa, SOUL. Roho! Ndugu zangu, waliotengeneza kinanda hiki ni Walutheri!"

"Mzee, nakuomba, hiyo house ni ya..."

"Clemence, andika: Yudith amekatazwa kutafsiri. Na kugusa vitufe vya midundo amekatazwa. Siku hiyo nitabonyeza mimi!"

Clemence akaandika. Yudith alijaribu, Mungu ni shahidi wake, na daftari pia.

Basi ungedhani Mzee angeishia hapo. Wapi! Sifa zikimpanda mtu kichwani hazishuki kwa ngazi. Akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Na iandikwe hivi. Atakayeingiza mdundo wa dunia kanisani siku ile ahamie kwaya ya upande wa pili miezi mitatu. Sare na taratibu zote!" Akamtazama Yudith kwa huruma ya mshindi. "Utajifunza kusimama, binti yangu."

"Niandike 'Yudith' au 'yeyote'?" akauliza Clemence. "Maana kisheria..."

"Yeyote! Andika yeyote!" Mzee akacheka mpaka miwani ikamwanguka, akasaini, na kwa uhakika akabandika na dole gumba.

Jioni ile akakata vikaratasi, akavipaka gundi, akafunika Kiingereza chote. MWAMBA. NYUMBA. ROHO. Kwenye kile cha Machi akaandika MWEZI WA 3 TU. Vingine akaviziba kwa plasta ya vidonda. Nyumbani alimweleza mkewe, Mama Rodgers, habari yote tangu mwanzo, makande yakapoa.

"Baba Rodgers," alisema mama huyo, "hivi zile hatua zako za rumba, enzi zile za dansi kule Bendera, ulitubu au uliacha tu?"

"Kula chakula," alisema Mzee.

*

Jumapili ya mavuno ikafika, mwisho wa Agosti. Kanisa likajaa: mahindi, ndizi, tangawizi kwa magunia, na jogoo mmoja wa sadaka aliyefungwa mguu kwenye benchi la mbele. Mkuu wa Jimbo akaketi kwenye kiti kikubwa, mzee mpole mwenye nyusi nene ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma.

Kwaya ya vijana ikasimama. Yudith akaweka vidole kwenye kinanda. Akiharibu leo, kesho Hamidu anakuja na pikipiki yake.

Mzee Aminieli akatoka mbele, suti nyeusi, miwani puani. "Baba Mkuu," akasema, "midundo hii nimeichuja mimi mwenyewe, kutoka Kiingereza." Akainua kidole juu, watu wakione vizuri, akakishusha kwenye MWAMBA.

GWAAAAAA!

Gitaa la umeme lilipiga ukelele wa mbuzi aliyekanyagwa! Ngoma zikafuata kama mawe yanaporomoka mlima Shengena! Yule jogoo akakata kamba, akapita juu ya kwaya ya wazee. Safari hii walipepesa, tena waliinama!

"Kimeharibika!" alipiga kelele Mzee. "Ngoja, ngoja! Nyumba! Nyumba ina utulivu!"

Akabonyeza NYUMBA.

Dum! Dum! Dum! Dum!

Ndugu msomaji, nyumba ile haikuwa ya Bwana. Ilikuwa ile iliyo nyuma ya stendi, yenye taa nyekundu. Vioo vya madirisha vikaanza kuitikia. Viazi vitamu vya sadaka vikashuka kutoka kwenye rundo, kimoja kimoja, kwa mapigo!

"Yudith! Zima!"

"Nimekatazwa kugusa, Mzee," alijibu Yudith, mikono juu. "Iko kwenye muhtasari."

Mzee akaukimbilia waya, akauchomoa ukutani kwa mikono miwili. Dum! Dum! Dum! Wilbard anaufahamu umeme wa milimani. Alikuwa ametia betri.

Hapo Bibi Naelijwa, miaka themanini na sita, magoti mawili mabovu, akasimama. Akapiga kigelegele kirefu. "Asante Yesu, nimeusikia mdundo kabla sijafa!" Akatoka kwenye njia ya katikati na fimbo yake, bega hili, bega lile. Wamama wakamfuata. Watoto nao! Na kwaya ya vijana, ambayo haikutumwa na mtu, ikaanza kuimba wimbo wake wa mavuno juu ya mapigo yaleyale, na ajabu ni kwamba ulikaa sawasawa.

Mzee Aminieli akabaki kati yao na waya mkononi. Alikuwa karibu kulia, na mimi nilimwonea huruma, nakiri. Miaka ishirini ya kuilinda nyumba, na mwizi ameingizwa na mlinzi!

Mkuu wa Jimbo akainua mkono. Yudith akamtazama, Mkuu akaitikia kwa kichwa, naye akazima. Jogoo akawika mara moja huko juu ya kabati.

"Nani alichagua mdundo huu?" akauliza Mkuu.

Clemence akasimama na daftari. Akasoma yote. Mwamba, nyumba, nyonga ruka, panya, sahihi, dole gumba. Watu waliuma vitenge vyao wasicheke mbele ya mgeni. Kisha akaongeza: "Na leo, saa nne na dakika ishirini, kisigino cha Mwenyekiti kiligonga sakafu mara nane. Kwa mapigo."

"Uongo!" alisema Mzee.

"Mara nane," alisema Mama Rodgers kutoka benchi la tatu. "Nilihesabu. Ni kilekile cha Bendera."

Zile nyusi nene zikatikisika. Mkuu wa Jimbo akacheka, akacheka, akafuta macho kwa pindo la joho.

"Kinanda hakina kosa," akasema. "Kimefanya kilichobonyezwa. Bibi yetu huyu kamsifu Mungu kwa magoti mabovu, nani atamkalisha? Kinanda kibaki. Yudith, wewe unajua kukichagulia, chagua kwa busara." Yudith akaziba uso kwa viganja, machozi yakapita katikati ya vidole. "Ama huo muhtasari," Mkuu akaendelea, "mimi si Mpare, lakini nimekaa nanyi. Maandishi ni maandishi."

*

Basi Jumamosi iliyofuata Mzee Aminieli aliripoti mazoezini, kwaya ya vijana, mstari wa mbele. Sare: shati la kitenge cha njano lenye mananasi. Hatua: mbele mbili, nyuma mbili, zunguka, shuka kidogo, panda.

"Hapo kwenye 'shuka kidogo'," alisema Mzee, akipangusa jasho, "hakuna namna?"

"Hakuna, Mzee wetu. Sare na taratibu zote."

Akazunguka. Akashuka kidogo. Kupanda kukawa na mjadala kati yake na kiuno. Mwishowe akamsogelea Yudith pale kwenye kinanda, akainama, akamnong'oneza kwa sauti ambayo kanisa hilo halikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kuomba.

"Binti yangu. Humo ndani, katika yote hayo, hakuna mdundo wa taratibu? Wa mtu mzima kutembea tu, wima, bila kutikisa kitu?"

"Upo mmoja, Mzee. Mzuri sana. Kama tarumbeta."

"Ee, huo! Upige huo!"

Yudith akakitazama kile kikaratasi cha Mzee, gundi bado imeshika, akahesabu kwa vidole.

"Septemba, Oktoba, Novemba," akasema. "Vumilia, Mzee. Ule ni wa mwezi wa tatu tu."