Kura ya Majaribio

Jumatatu, 8 Septemba
Siku njema. Redio imetangaza shindano la kwaya, kura zinapigwa mtandaoni, na kwaya yetu ya Nyahanga imo. Wa kuogopwa ni Masumbwe tu. Mshindi anapata kinanda kipya. Mama mkwe wangu, Mayu Bernadina, ndiye mwimbishaji, na anakaa kwetu tangu upepo ulipong'oa bati zake. Miaka yote hii hajawahi kuniita mwanangu. Huniita huyu bwana. Basi nimemwahidi kura za mtaa mzima. Sijigambi. Ni mimi niliyewashawishi majirani wote wajiunge na intaneti ya mnara wa hapa, kampuni ikanipa yangu bure kwa kuipelekea wateja.

Jioni nimefungua ukurasa wa kura. Mtu makini hujaribu kwanza, asije akaharibu kura halali. Nimejaribu kwa kubonyeza Masumbwe. Mtambo unafanya kazi vizuri sana.

Jumanne, 9 Septemba
Balaa. Nabonyeza Nyahanga, naambiwa umeshapiga kura. Simu ya mke wangu Scolastika, vilevile. Nimezunguka kwa majirani. Nyumba zote, jibu ni hilohilo. Mayu ameuliza kura zimefikia wapi. Nimesema ziko jikoni. Akasema haya, mwanangu.

Mwanangu! Nimeshindwa kumaliza ugali kwa furaha.

Jumatano, 10 Septemba
Ofisi ya intaneti. Binti wa pale, Nyamizi, amenieleza taratibu: nyumba zote za mnara wetu hutokea kwenye seva yao moja, kwa hiyo huko nje mtaa mzima unaonekana kama mtu mmoja. Na redio inampa kila mtu kura moja. Aliyewahi amewapigia wote. Akashauri tuzime wifi, kila mtu atumie kifurushi cha simu yake. Nimemshukuru, ila mawazo yalikuwa mbali. Mtaani kuna msaliti. Ni jirani yangu Marwa. Mkewe kazaliwa Masumbwe, na leo asubuhi Marwa alinisalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimerudi ofisini na Mayu, awe shahidi. Nimetaka jina la aliyewahi. Nyamizi amesema seva yao inatunza kumbukumbu za kurasa zote zinazopita, ila mambo ya nyumba ya mtu haonyeshwi mwingine. Nikasema basi afungue ya kwangu, tuanze na aliye safi. Akauliza, mbele ya mama? Nikajibu hata mbele ya parokia nzima.

Akafungua. Jumapili: Ignas anatafuta namna ya kumwambia mkwe kwamba bati zake zimeshapigwa upya. Jumatatu jioni: Ignas anapiga kura, Masumbwe.

Mayu amevaa miwani akasoma mwenyewe, polepole. Nyumbani amemuuliza Scolastika kama huyu bwana ana haja na chumba chake, kisha akaanza kufunga mizigo. Nimeumia kweli.

Jumamosi, 13 Septemba
Mambo yametengemaa. Kumbe Mayu alimsikiliza Nyamizi kuliko mimi. Jana amewapitia wanakwaya wote, wamezima wifi, wamepiga kwa vifurushi. Tumeingia fainali! Sisi na Masumbwe. Mayu alipowasimulia kilichotokea ofisini alicheka mpaka akakaa chini. Mizigo imefunguliwa. Anasema kwake kuna upweke, atakaa mpaka Krismasi. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Ombi lake ni moja tu: kwenye fainali nisiguse kitu.

Jumapili, 14 Septemba
Fainali. Kura zinaanza upya leo mchana. Wanakwaya wako kanisani na padri hana haraka.

Nimeshaona kosa langu lilikuwa wapi. Nilitumia intaneti ya nyumbani kwangu. Leo nimemfuata Marwa, ambaye kumbe ni mtu mwema, akanipa neno la siri la wifi yake bila hata kuuliza. Mayu akitoka misani atakuta kura ya mtaa iko tayari, na nitaitwa mwanangu mbele ya kwaya nzima.

Nimekaa barazani kwa Marwa na kikombe cha chai. Ukurasa umefunguka upesi. Safari hii sitaki makosa, kwa hiyo nimejaribu kwanza. Nimebonyeza Masumbwe.