Malalamiko ya Mlezi Aliyeamshwa Kazini

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Kulelea Watoto Wadogo,
Ofisi ya mbele.
(Naandika kutoka chumba cha nyuma.)

Mama Mkurugenzi,

YAH: KUKUTWA NIMELALA KAZINI, NA MALALAMIKO YANGU KUHUSU KUAMSHWA

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mguu uliojigonga kwenye ndoo ya midoli Jumanne umeanza kupata nafuu. Mimi sijambo, isipokuwa kwa hiyo barua yako.

Barua yenyewe niliipata jana kwa mkono wa mpishi, ikiwa imelala juu ya sinia la vikombe, pamoja na karatasi ya onyo ninayotakiwa kuitia sahihi. Inanitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu, kwa kuwa uliingia chumba cha kulala watoto saa nane mchana ukiwa na wageni, ukanikuta nimelala kwenye mkeka mdomo wazi. Sikatai. Mdomo ulikuwa wazi. Ila kwa heshima na taadhima naomba kusema kwamba aliyekosewa siku ile ni mimi, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Ratiba uliyoibandika mlangoni kwa mkono wako inasema: SAA SABA HADI SAA TISA, KULALA. Haisemi nani. Kwa miaka tisa nimeifuata ratiba hiyo mstari kwa mstari. Inaposema kunawa mikono, nanawa. Inaposema kuimba, naimba, na sauti yangu unaijua. Sasa mstari mmoja tu ndio nionekane mkosaji kwa kuutii?

2. Semina ulinipeleka wewe. Mtaalamu wa malezi alitufundisha kwamba mtoto mchanga hulala vipande vipande, usiku na mchana kwake ni mamoja. Kwamba mtoto akianza kufikicha macho na kuvuta masikio, mlaze hapo hapo, usingoje saa ya ukutani. Kwamba akichoka kupita kiasi halali, bali hupandwa na nguvu za ajabu akawa anakimbia na kugonga kuta. Na kwamba mtoto hulala vizuri akiwa na mtu mzima aliyetulia. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Aliyetulia kiasi gani?" Akanijibu, "Kadiri utakavyoweza, mama." Mama Mkurugenzi, nimeweza.

3. Hapa naomba univumilie, maana ndipo penyewe.

Yule mtoto tunayemwita Mkaguzi aliletwa kwetu miezi mitatu iliyopita, bado kidogo atimize miaka mitatu. Kwa wiki tano hakulala hata mchana mmoja. Wenzake wakishalala, yeye alitembea kati ya magodoro, mikono nyuma, akimwinamia kila mmoja na kumchungulia usoni. Mpishi ndiye aliyempa hilo jina. Tulishusha pazia, tukaimba, tukamsugua mgongo, wapi! Ikifika saa kumi alikuwa anasinzia amesimama, akililia hata rangi ya kikombe. Wewe ulisema ni mtundu, nimkalishe kwenye kona. Sikumkalisha, na hilo nalo liingie kwenye faili langu.

Asubuhi moja mama yake, ambaye hushona sare kiwandani, alipomleta nikamuuliza nyumbani huwa analalaje. Akashusha sauti. Akaniambia kabla ya kuja kwetu alikuwa akimwacha kwa jirani, na ili mtoto asimlilie, alikuwa anambembeleza mpaka alale, kisha ananyata na kwenda zake kazini. "Nilidhani namsaidia," akasema. "Akiamka, mimi sipo."

Yule mtoto hakuwa mtundu hata kidogo. Alikuwa amegundua kwamba ukifumba macho, watu huondoka. Kumbe wiki tano zote alikuwa zamu, anatulinda sisi tusipotee.

4. Basi nikavuta mkeka wangu mpaka ubavuni mwa godoro lake, nikajinyoosha. Nikamwambia, "Ukiamka, utanikuta hapa."

"Hapa wapi?"

Nikaupiga mkeka kwa kiganja. "Hapa."

Siku ya kwanza alinikodolea macho saa mbili nzima. Siku ya pili alishika kidole changu kama mtu anayeshika tiketi yake ya safari. Wiki ya pili akalala dakika ishirini, akazinduka ghafla, akanikuta, akalala tena. Toka hapo mambo yakaanza kwenda. Sasa jaribu mwenyewe, Mama: lala chali, pazia limeshushwa, umeshiba, watoto wanapumua pande zote nne, na huna ruhusa ya kuinuka kwa sababu umeahidi. Mimi kilichobaki macho kilikuwa kibofu tu.

5. Kuhusu Jumanne yenyewe, nasimulia kama nilivyosimuliwa na mpishi, kwa kuwa mimi sikuwepo, kwa maana ya akili. Uliufungua mlango ukiwa na baba na mama wa mapacha waliotaka kuona kituo. Ukawaambia, "Na hapa ndipo watoto wetu hupumzika chini ya uangalizi wa karibu." Kisha ndoo. Watoto kumi na mmoja wamelala. Mimi nimelala. Mkaguzi peke yake ndiye alikuwa macho, ameketi karibu na kichwa changu, amenifunika shuka lake mpaka kidevuni. Akaweka kidole mdomoni akakuambia wewe, mwenye kituo: "Shii! Shangazi amelala. Mimi nipo."

Nauliza kwa unyenyekevu: uangalizi haukuwepo? Ulikuwepo. Tena wa karibu mno. Wale wageni waliandikisha mapacha wao siku hiyo hiyo, wakisema hawajaona mahali ambapo hata wafanyakazi hulala kwa amani. Hilo katika onyo lako sikuliona.

6. Niliamshwa kwa ncha ya kiatu. Watoto wote wakaamka kwa pamoja, wakalia kwa pamoja, na yule wa miezi minane akaendelea hadi jioni. Mimi pia nililia kidogo, lakini nilienda kulilia stoo.

Kwa hiyo naomba: onyo lifutwe. Nipewe godoro, kwa kuwa mkeka huniacha na mistari shavuni na wazazi huuliza. Cheo changu kibadilishwe kiwe Mlezi Mlalaji Mwandamizi. Kila anayeingia chumba cha nyuma kati ya saa saba na saa tisa avue viatu, asiseme neno, na ikiwezekana alale. Wewe pia, Mama. Nafasi yako nimekutengea karibu na dirisha, panapopita upepo.

Ukiamua kunifukuza, nitaondoka, kituo ni chako. Nina watu wanaonitegemea na sitajifanya kwamba sijali. Lakini wewe unaweza kuniandikia barua nikasoma nikaelewa. Mkaguzi hajui kusoma. Mimi nitamwandikia nini?

Wasalimie mhasibu, dereva, na mlinzi wa getini, ambaye sitasema lolote juu yake.

Ni mimi mtumishi wako, nikiwa macho kabisa,
Mlezi, Chumba cha Nyuma.

Baada ya sahihi:
Mama, nilikuwa natafuta bahasha leo mchana, jambo likatokea ambalo dhamiri hainiruhusu kulificha. Mkaguzi alijilaza mwenyewe saa saba na dakika kumi. Nilipoushika mkeka akaniambia, "Nenda tu, Shangazi," akageukia ukutani akalala fofofo. Mimi nilikaa kwenye kiti nje ya mlango, macho wazi, muda wote. Kwa hiyo hoja kwamba hawezi kulala nisipolala imekufa, na imekufa na nyingine zote. Na kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli: Jumanne mimi ndiye niliyetangulia kulala, na yeye hakuwa amefumba hata jicho moja.

Aliamka saa tisa kasoro. Hakunitafuta. Alipita mbele yangu mbio, akaenda kugombania baiskeli na wenzake. Nilifurahi, Mama, nikaumia kidogo, kisha nikafurahi tena. Onyo nimelitia sahihi, limo humu ndani. Ila nilikuwa sijui kama kukaa macho kunachosha hivi.