Nafuu ya Bandari ya Mbali

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mke wangu anastaafu Ijumaa hii. Miaka ishirini na minane ya unesi, wodi ya wazazi, kusimama tu. Nimemwahidi safari ya meli ya starehe: siku sita baharini, akae kitako, ale kilichopikwa na mtu mwingine. Ahadi hiyo niliitoa kitinda mimba wetu akiota meno. Sasa ana ndevu. Safari hii sirudi nyuma.

Nimekwenda kwa wakala wa meli. Dada mpole, miwani mikubwa. Akasema meli ni moja ila inapakia abiria bandari mbili: hii yetu ya hapa, nusu saa kwa teksi, na kesho yake ile ya mbali. Ukipandia kule, nauli inashuka sana. Nikauliza mbona watu wote hawapandii kule. Akavua miwani, akasema kule ni saa kumi na nne kwa basi. Nikamjibu kuwa kukaa si kazi. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kutwa.

Isitoshe, bandari ya hapa ndiyo aliyopandia Shemeji, kaka yake mke wangu, mwaka juzi. Picha yake iko sebuleni kwake, kubwa kuliko dirisha, amevaa kofia ya nahodha. Amenishauri mara tatu nipandie hapohapo. Basi, ameniamulia: napandia kule.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemweleza mke wangu mpango. Alikuwa anakunja sare zake za kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka. Akasema magoti yake yamesimama wodini miaka yote hiyo na hayatakunjwa ndani ya basi saa kumi na nne. Afadhali aongezee kutoka kwenye kiinua mgongo chake, sote wawili tupandie hapa.

Nikakataa katakata. Zawadi gani inalipiwa na anayepewa? Akasema haya, kila mtu apandie anapotaka, tutakutana melini. Hakusema kwa hasira. Bora angefoka.

Nimejiuliza jioni nzima: hivi safari hii ni ya mke wangu, au ni ya ile picha ya Shemeji? Swali zito. Nimeliweka kando. Kulikuwa na suruali ya kupunguza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimelipia tiketi yangu ya kule! Ya mke wangu, ya hapa, ameongezea mwenyewe. Wakala amenikumbusha kwamba meli inaondoka bandari ya mbali Ijumaa, saa nne kamili asubuhi. Neno kamili amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Nikatabasamu. Lugha hiyo naifahamu. Mimi nikimwambia mteja Jumanne, najua ni Ijumaa, naye anajua, ndiyo maana anakuja Jumamosi. Kila muda unaotajwa una akiba yake, kama upindo wa suruali. Meli kubwa vile, watu wote wale, mizigo yote ile, saa nne yake haiwezi kuwa chini ya saa saba. Huyu dada ananichukulia mimi mgeni wa mambo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nilipanga kuondoka na basi la kesho alfajiri, nifike jioni, nilale hukohuko. Lakini bwana harusi mmoja amekuja dukani, amekalia kiti changu, anasema haondoki bila koti lake. Koti nilimwahidi mwezi uliopita. Bado halina mikono.

Nimebadili, nitapanda basi la kesho usiku. Linafika Ijumaa saa tano. Saa mbili nzima kabla ya saa saba. Mke wangu ameniangalia kama anavyoangalia kipimajoto, akauliza kama nina hakika. Nikasema asilimia mia.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Basi limefika saa tano kasorobo. Mapema! Nimekimbia na begi mpaka gatini. Patupu. Mfagiaji kaniambia meli imeondoka saa nne. Nikamuuliza saa nne na dakika ngapi. Akasema saa nne.

Ilikuwa bado inaonekana, nyeupe, ndogo. Mlinzi wa geti akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Akasema kuna mama alishuka kutoka melini, akasimama hapo getini tangu saa mbili, kila teksi ikija anachungulia. Walimwita mara mbili ndipo akapanda. Ameniachia mfuko: mkate na mayai ya kuchemsha, kwa kuwa alijua nitafika na njaa.

Nimekula nikiwa nimekaa juu ya begi langu. Nimejisikia vibaya sana, wala si kwa sababu ya tiketi. Mama wa watu ametoka juzi tu kwenye miaka ishirini na minane ya kusimama, nami nimemsimamisha tena.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Amerudi jana. Uso umenawiri, hata sauti imepumzika. Shemeji alikuja kumpokea, akakohoa tu. Ingekuwa nafuu angesema.

Usiku mke wangu amenisimulia kwamba mezani kwake kulikuwa na viti viwili. Kila jioni mhudumu alimuuliza kama aondoe sahani ya pili. Kila jioni alijibu iache, mwenyewe yuko njiani. Asubuhi hii nimekaa mbele ya cherehani saa nzima bila kuikanyaga. Nimeapa: mwakani nitakaa kile kiti, hata iweje.

Mchana nimerudi kwa wakala. Kumbe kuna bandari ya tatu! Saa ishirini na mbili kwa basi, nauli karibu na bure. Meli inaondoka saa mbili kamili, yaani saa tano. Nimelipia watu wawili, tiketi zisizorudishwa, maana ndizo za bei ya chini kabisa. Mke wangu sijamwambia. Nataka amalize kwanza kupumzika.