Mbwa wa Ghorofa ya Sita na Zamu ya Lifti

Mheshimiwa Bwana Munir Shalhoub,
Mwenyekiti wa Kamati ya Jengo,
Badaro, Beirut.

Baada ya salamu na kukuombea nafuu ya mgongo, nalalamikia uamuzi wenu wa Jumanne. Umeme ukikatika, jenereta huendesha lifti saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa wazee wa miaka sabini na wagonjwa tu. Sheria hiyo niliipigia kura mwenyewe. Sasa nimenyimwa lifti, na Fustuk, mbwa wa Madamu Odette aliyepooza miguu ya nyuma, amepewa. Ninaomba aondolewe kwenye zamu, kwa sababu hizi:

1. Fustuk ana miaka kumi na mitano. Kamati imezidisha kwa saba, ikamtangaza mzee wa miaka mia moja na mitano. Mimi nina miaka sitini na tisa na miezi tisa, nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na hakuna aliyenizidisha kwa chochote.

2. Cheti chake cha daktari wa mifugo kilikubaliwa papo hapo. Changu cha magoti kilikataliwa, eti aliyekitia sahihi ni binamu yangu, daktari wa meno. Daktari ni daktari.

3. Heshima. Akiingia na kile kigari chake cha kubebea miguu ya nyuma, watu husogea: "Karibu babu, pita, pita!" Mimi nikihema kwenye ngazi ya ghorofa ya nne, mke wa bawabu hunicheka: "Ustadh Nakhle, bado unapanda? We kijana bwana!" Iliniuma, sifichi.

4. Njia nyingine ipo. Kila roshani ya jengo hili ina kikapu cha kuteremshia kwa kamba, tunachopandishia mikate na nyanya. Fustuk ateremshwe kwa kikapu. Najitolea kutoa kikapu changu, kamba yangu na mikono yangu.

5. Mkikataa, basi niandikisheni kama mnyama wa kufugwa wa mke wangu Wadad. Ananilisha kwa saa, ananikataza kulala kwenye kochi, na nikichelewa kurudi huniita kwa jina kutoka roshani mtaa mzima ukisikia. Zidisheni kwa saba: miaka mia nne themanini na tatu. Nadhani hapo nitafuzu.

Nasubiri jibu kwa maandishi. Msalimie mama watoto, wajukuu, bawabu, na hata huyo mke wake.

Wako katika ujirani na ghadhabu,
Nakhle Tannous, ghorofa ya tano.

N.B. Kabla ya kuileta barua hii nilikijaribu kikapu kwa mfuko wa ngano wenye uzito wa Fustuk. Kamba ilikatika kwenye ghorofa ya tatu. Nilitazama ngano ilivyotapakaa chini. Jioni hiyo jenereta nayo ikaharibika, Madamu Odette akawa amesimama kwenye ngazi analia, basi nikamteremsha mbwa mwenyewe, ghorofa zote sita, kichwa chake begani kwangu. Tangu hapo kila asubuhi Fustuk ananingoja mlangoni kwao. Barua isisomwe kikaoni, tafadhali. Mimi nitatimiza sabini Septemba. Daktari wa Fustuk anasema Septemba ni mbali sana kwake. Jenereta ikipona, mpeni yeye zamu, na mniandike mimi kuwa msindikizaji wake.