Thaimasi Yetu Haichuji vya Kutosha

Kwa Mwalimu Mkuu wetu mpendwa,

Shikamoo, Mwalimu. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ni ya malalamiko.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, dawati la pili kutoka dirisha lenye kioo kilichopasuka. Jana mstarini ulitutangazia kwamba ifikapo Ijumaa kila aliyepata chini ya alama hamsini atarudishwa kwao moja kwa moja, yeye na godoro lake. Ulisema shule bora ni kama thaimasi, ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo seli changa za T hufunzwa kuulinda mwili. "Zinaingia mia, zinatoka mbili, na hizo mbili ndizo askari!" Tulipiga makofi. Mwenzangu wa dawati, tunayemwita Kobe kwa sababu huandika polepole, alipiga pia, ingawa ana alama thelathini na nane na godoro lake ameshalifunga kamba.

Wewe ndiye uliyetufundisha tusiamini jambo kabla ya kulichunguza, kwa hiyo nilikwenda maktaba. Kwa masikitiko nimegundua kwamba shule yetu haiifuati thaimasi ipasavyo.

1. Mchujo wetu una huruma mno. Thaimasi hubakiza seli mbili katika mia. Darasa letu lina wanafunzi arobaini na watatu, hivyo anayestahili kubaki ni mwanafunzi mmoja kasoro mkono. Wewe unataka kubakiza thelathini na mmoja! Hao thelathini wa ziada ni wa kazi gani? Naomba pia tuambiwe mapema ni mkono upi, ili usiwe wa kuandikia.

2. Seli zinazoshindwa hazirudishwi kwao na godoro. Hufa, kisha huliwa na seli nyingine papo hapo, zisije zikachafua mahali. Nilimuuliza mpishi wetu kama yuko tayari. Alisema, "Mwanangu, mimi nimeajiriwa kupika, si kula watoto wa watu. Hebu nipishe, sufuria inaungua." Naomba ofisi yako imwandikie rasmi.

3. Thaimasi ina mitihani miwili, sisi tuna mmoja. Katika wa kwanza, seli hutakiwa kutambua kitambulisho cha mwili wake. Katika wa pili, huoneshwa vitu vya mwili wenyewe, na ile inayovirukia kwa hasira huondolewa, hata kama ina nguvu kuliko zote, kwa kuwa kesho itaushambulia mwili unaoilisha. Huu wa pili hapa hatuna. Kiranja mkuu, mwenye alama tisini na nne, alimwaga ndoo ya maji ya Kobe kwa sababu Kobe alichelewa kwenye foleni. Wiki hiyohiyo akavishwa beji. Nadhani beji ilikosea kifua.

4. Mwalimu wa zamu alimwambia Kobe mbele yetu sote, "Wewe hata ukirudi tumboni utachelewa kuzaliwa." Naye angefaa kuufanya mtihani huo wa pili. Napendekeza ufanyikie ofisi ya walimu, mlango ukiwa wazi.

5. Hili naliandika kwa adabu, na nimelisoma mara mbili kuhakikisha. Thaimasi huwa kubwa utotoni, kisha husinyaa mwaka hadi mwaka, na uzeeni nafasi yake hujaa mafuta. Ofisi yako mwaka huu imeongezwa chumba, zulia na kochi. Kitabu hakisemi lolote kuhusu kochi.

Kwa hiyo naomba Ijumaa tuifuate thaimasi yote, bila kuchaguachagua. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa lango, na kiranja mkuu pia, ila kwa mbali.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye alama sitini na moja,
Mwanafunzi wa dawati la pili

Tanbihi: Nilimpa Kobe barua hii aisome kabla sijaifunga bahasha. Ilimchukua kipindi kizima. Kisha akasema, "Mwenzangu, umeandika vizuri, ila umekosea." Anasema katika mtihani wa kwanza seli iliyoshindwa haiondolewi papo hapo. Hupewa siku tatu au nne, ikakipanga upya kifaa chake cha kutambulia, ikajaribu tena, na tena. Nilirudi maktaba mbio. Ni kweli. Ni ukurasa uleule, chini kabisa, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeshafunga kitabu.

Basi nakuomba uyafute malalamiko yangu yote matano. Aliyeyaandika ana sitini na moja na hakumaliza ukurasa. Aliyeumaliza ana thelathini na nane.

Leo ni Jumanne, Mwalimu. Hadi Ijumaa ni siku tatu, na kalamu Kobe anayo.